Je, Kenya ilikuwa bora chini ya chama kimoja?

Baadhi ya vijana jijini Nairobi huamini kwamba enzi ya chama kimoja ilikuwa bora: nchi imetulia, bei ni nafuu, watoto wanapewa maziwa ya bure shuleni.

Maziwa yalikuwepo kweli, na wazazi wanaoyakumbuka hawadanganyi. Bei nyingi pia zilidhibitiwa na serikali. Lakini mwaka 1989, chini ya utawala huohuo, wagonjwa walianza kutozwa ada katika hospitali za umma.

Na utulivu wenyewe? Kenya ilifanywa ya chama kimoja kisheria mwaka 1982. Mwaka 1988 ukaja mlolongo: wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Kuna mahali ambapo mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Wakosoaji waliwekwa kizuizini bila kesi; wengine waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya jiji. Ukimya wa namna hiyo si ridhaa.

Haya unaweza kuyahakiki mwenyewe. Kumbukumbu za mijadala ya bunge za miaka hiyo zinapatikana mtandaoni, na maktaba kubwa zina magazeti ya zamani. Muulize pia mzee aliyepanga mstari 1988: ni nani waliokuwa wakimtazama?