Je, wajua bodi ya shule huhesabuje watoto ambao bado hawajafika?

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,603,325 katika Kaunti ya Nakuru. Ile ya 2019 ilikuta 2,162,202. Ukipiga hesabu, ni ongezeko la karibu asilimia 3 kila mwaka. Niliwahi kusimama na takwimu hizo katika mkutano wa wazazi, nikaieleza bodi ya usimamizi, kwa kujiamini nisikostahili, kwamba shule ya watoto 1,000 itarajie 30 zaidi mwakani, yaani hata darasa moja halijai. Mwalimu mkuu aliniacha nimalize. Kisha akafungua daftari lake, ambalo halikuwa na sensa hata kidogo.

Nadhani kosa hilo si langu peke yangu. Tunasikia mji unakua, tunadhani shule inakua kwa kiasi kilekile. Lakini kijana aliyetoka Busia kuja Nakuru kutafuta kazi anahesabiwa kwenye sensa, na hana mtoto wa kupeleka Gredi ya 4. Tena ongezeko ni kama mvua ya Nakuru: Lanet kumelowa, Njoro vumbi linapaa. Ploti zikigawanywa Kiamunyi, wengi wa wanaojenga ni wazazi wachanga, kwa hiyo chekechea ndizo hufurika kwanza; miaka ishirini baadaye nyumba ni zilezile na watoto wameshaondoka. (Hayo ni ya mitaa ya wenye nyumba. Kaptembwo na Rhonda watu hupanga, na mpangaji akihama anaingia mwingine na mtoto mgongoni, kwa hiyo sina hakika kama mtaa wa aina hiyo huzeeka hata kidogo.)

Nilipoona sensa imenikataa nikakimbilia vizazi. Mtoto huingia Gredi ya 1 akiwa na miaka sita hivi, basi si tuhesabu waliozaliwa miaka sita iliyopita? Wazo si baya, ila kizazi husajiliwa mahali mtoto alipozaliwa. Hospitali ya rufaa ya Nakuru hupokea akina mama kutoka hata kaunti jirani, na wakishajifungua wanarudi kwao. Kwenye vitabu mtoto ni wa Nakuru, ilhali shule yake iko Baringo. Isitoshe, hakuna sheria inayomfunga mzazi kwa shule ya mtaa wake. Akipenda ya ng'ambo ya barabara, anampeleka huko.

Daftari la mwalimu mkuu lilikuwa na nini basi? Idadi ya kila gredi, mwaka kwa mwaka, na mishale iliyochorwa kwa mshazari.

Mfikirie makanga wa matatu inayotoka Kisumu kuja Nakuru. Akitaka kujua wangapi watafika, haulizi Kisumu ina wakazi wangapi. Anahesabu waliopanda, halafu anaijua tabia ya kila steji. Ahero hushuka wawili akapanda mmoja. Kericho hushuka wengi, na viti hujazwa upya. Aliyebaki Salgaa, huyo ni wa Nakuru. Kila steji ina mazoea yake, na mazoea hayo hayahusiani na idadi ya watu wa mji ule.

Shule hufanya hivyohivyo, gredi zikiwa ndizo steji. Tuseme Gredi ya 1 ilikuwa na watoto 120 mwaka jana, na mwaka huu Gredi ya 2 ina 114. Waliovuka ni 95 kwa kila 100. Unaangalia miaka mitatu ya nyuma. Ikiwa ni 94, 96, 95, umeshaijua steji hiyo. Kama Gredi ya 1 ya sasa ina watoto 140, mwakani Gredi ya 2 itakuwa na kama 133. Unarudia kwa kila gredi mpaka juu. Wakati mwingine uwiano unapita 100, jambo lililonishangaza mpaka nilipokumbuka kwamba karo ikimshinda mzazi kwenye shule ya kibinafsi, mtoto huja kupandia katikati ya safari. Na hiyo 95 yenyewe ni msiri: huenda walishuka watano tu, au walishuka ishirini na watano wakapanda ishirini. Kwa vyumba hakuna tofauti. Kwa mwalimu wa darasa ipo kubwa.

Kilichobaki ni steji ya kwanza. Hapo bodi huangalia watoto wa chekechea ya uani na za jirani (chekechea ziko chini ya serikali ya kaunti). Watoto hao wameshazaliwa, wanaonekana, na mchana wanalala kwenye mikeka.

Sasa utamu wenyewe. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9 za mtaala mpya, ilipoletwa kwenye shule za msingi Januari 2023, wengi wetu tulilia kwamba vyumba vimekwisha. Hesabu mwenyewe. Mwaka 2022 shule ya msingi ilikuwa na Gredi ya 1 hadi ya 6, pamoja na Darasa la 7 na la 8 za mtaala wa zamani wa 8-4-4: ngazi nane. Mwaka 2023, Gredi ya 1 hadi ya 7 na Darasa la 8: nane. Mwaka 2024, Gredi ya 1 hadi ya 8: nane vilevile. Walimu na maabara walikosekana kweli, lakini ngazi hazikuzidi hata moja. Pigo lilikuja 2025, Gredi ya 8 ilipovuka kuingia ya 9 badala ya kuaga. Steji ambayo abiria wote walikuwa wakishuka tangu mtaala wa 8-4-4 uanze ikapitwa bila matatu kusimama, na huku nyuma wapya walikuwa wanapanda kama kawaida. Hakuna mtoto hata mmoja aliyehitaji kuzaliwa ili shule ifurike.

Na mwaka huohuo wa 2025 shule za upili hazikupokea Kidato cha 1. Ng'ambo ya ua, ngazi moja nzima ilikuwa tupu.

Uwiano, hata hivyo, ni kumbukumbu ya jana tu. Elimu ya msingi ilipofanywa bure 2003, wanafunzi nchini walipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja; hakuna mshale wa mshazari ungetabiri hilo. Wala usingemtabiri Mzee Kimani Maruge, aliyeingia Darasa la 1 Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Shule ndogo nayo huumbuliwa na jambo dogo: jengo moja la kupangisha likifunguliwa karibu na lango, wastani wa miaka mitatu umeharibika.

Tena watoto huongezeka mmojammoja, vyumba haviongezeki hivyo. Bodi ikilenga watoto 45 kwa chumba, wale 133 wanaenea vyumba vitatu. Akija wa 136, kinatakiwa cha nne, na dawati, na choo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa bodi jukumu la kuhakikisha majengo yapo, lakini fedha mara nyingi hutoka kwa wizara au NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge), na mwalimu wa chumba hicho huajiriwa na TSC, tume ya walimu. Kwa hiyo daftari la mwalimu mkuu, pamoja na mishale yake, kazi yake kubwa ni kuandikia barua za kuomba. Ile ya chumba cha nne yafaa iondoke kabla huyo wa 136 hajatoka kwenye mkeka.