W Series haikuanzishwa kwa sababu wanawake wamekatazwa F1

Jamani hii naisikia kila mara, eti wanawake walitengenezewa ligi yao ya mbio za magari, W Series, mwaka 2019 kwa sababu sheria za Formula 1 (F1), yale mashindano ya juu kabisa ya mbio za magari, haziwaruhusu. Si kweli kabisa. Hakuna sheria hiyo, dereva mwanamke Lella Lombardi wa Italia alishika nafasi ya 6 kwenye mbio za F1 kule Hispania mwaka 1975 akapata nusu pointi, mbio zenyewe zilikatishwa ndo maana nusu.

Kinachowakwamisha zaidi ni hela. Kwenye ngazi za chini za magari haya ya kiti kimoja dereva ndo anailipa timu, sasa ukikosa sponsa unakaa nyumbani hata uwe na kipaji gani, na ilimkuta dereva Mwingereza Alice Powell. W Series ikaja tofauti, madereva 18 walichaguliwa kwa majaribio, hawakulipa kitu, wote waliendesha gari la aina moja la Formula 3 (ngazi ya chini ya F1), na bingwa alichukua dola 500,000. Msimu huo wa 2019 mbio zilikuwa 6, za kwanza Hockenheim Ujerumani za mwisho Brands Hatch Uingereza, ubingwa akachukua Jamie Chadwick, na huyo Powell akashinda zile za mwisho, nilifurahi sana kwa kweli!