Kutoka Dodoma kwenda Ruaha: fuata maji, simba watakuja wenyewe

Wateja wangu wengi ni watumishi wa Mji wa Serikali pale Mtumba, wanakuja na wake, waume na watoto, na swali lao la kwanza halibadiliki: "Simba tutawaona?" Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ina simba wengi kwelikweli. Ila anayeshinda barabarani akiwasaka huishia kula vumbi. Mimi kazi yangu ni kukupeleka penye maji na kukushawishi utulie hapo.

Maji hayo utaanza kuyaona kabla hujafika hifadhini. Barabara ya lami ya Dodoma kwenda Iringa inakatiza Mtera, penye lile bwawa la umeme na wauza samaki wa kukaanga (nunueni, ila mfuko ufungwe vizuri, gari litanuka hadi jioni). Bwawa hilo linajazwa na Mto Ruaha Mkuu, na ndio huohuo tunaoufuata. Unatoka bonde la Usangu, unapita ardhi oevu ya Ihefu, unaingia hifadhini, ndipo unashuka Mtera, kisha Kidatu, na mwisho maji yake yanaishia Rufiji.

Zamani mto huu ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi, kwa kuwa huko juu Usangu maji mengi yanachepushwa kwenye mashamba ya mpunga. Mwaka 2008 Usangu na Ihefu yake viliingizwa hifadhini, Ruaha ikafikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000, lakini ukame wa mto haujaisha. Mgeni akifika Oktoba anakuta madimbwi tu, viboko wamebanana humo na mamba wamelala kandokando. Inasikitisha, na papo hapo ndiyo inayofanya wanyama waonekane kirahisi. Sipendi kuisifia hali hiyo kama kivutio, ingawa najua inanilisha.

Kwa hiyo panga safari kati ya Julai na Oktoba. Likizo fupi ya Nanenane inafaa sana, kama unaweza kuvumilia kuyakosa maonyesho ya Nzuguni. Desemba watoto wamefunga shule na kila mtu anataka kutoka, lakini mvua zimeshaanza, nyasi zinapanda, maji yametapakaa kila mahali na mnyama hana haja ya kuja ulipo. Labda kama wewe ni mtu wa kutazama ndege. Hapo Desemba ni yako.

Ukiniuliza sehemu moja tu, nitakwambia Mwagusi. Ni mto wa mchanga, kiangazi unauona mkavu kabisa, kumbe maji yapo chini. Tembo anajua. Anasimama, anakwangua kwa mguu wa mbele, halafu anaingiza mkonga na kutupa mchanga pembeni. Shimo likifika kwenye unyevu anasubiri. Maji yanachuruzika taratibu kutoka pande za shimo, yakiwa yamechujwa na mchanga, na yale ya mwanzo yenye tope mara nyingine anayamwaga. Ndipo anakunywa. Ndama akisogeza mkonga wake mapema husukumwa kando bila mjadala. Tembo wakiondoka, shimo linabaki: nyani wanakuja, ndege wanakuja, swala nao. Na palipo na swala wenye kiu, simba yuko jirani, amelala kivulini na hana haraka. Zima injini, kaa saa nzima. Abiria wa kiti cha nyuma wataanza kulalamika kwenye dakika ya kumi, wape karanga.

Mkiwa hapo angalieni na mibuyu. Mti wake una nyuzinyuzi zinazoshika maji mengi, ndiyo maana kiangazi tembo huchimba shina kwa pembe na kutafuna. Utaona mibuyu yenye makovu makubwa, mingine imetobolewa kabisa, na bado inaishi.

Swala wakubwa wa Ruaha ndio wanaonifurahisha zaidi, pengine kuliko simba. Hapa misitu ya miombo ya kusini inakutana na migunga ya Afrika Mashariki, ndiyo maana hifadhi hii moja ina tandala mkubwa na tandala mdogo, korongo na palahala. Hao wawili wa mwisho hukaa zaidi upande wa miombo, msiwategemee kwa safari ya siku mbili.

Mambo ya vitendo. Kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kuondoka. Mtanzania analipa kiingilio kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, basi usisahau kitambulisho, na usitegemee kulipa taslimu getini. Ukitaka malazi ya bei nafuu, tafuta Tungamalenga, kijiji kilicho njiani, au nyumba za hifadhi hapo Msembe. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani: mbung'o wanazipenda, na wanauma hata juu ya jinzi.

Na mkipata nafasi ya matembezi ya miguu na askari mwenye silaha, chukueni ya asubuhi, jua halijawa kali. Vaeni viatu vya kufunika vidole, kwa sababu miiba ya Ruaha inapenya kandambili.