Je, wajua kwa nini laptop hung'ata ukiwa pekupeku?

Nyumba ya shangazi yangu iliyoko Ngamiani, Tanga, ilivutwa umeme zamani, wakati kazi yote ya umeme ilikuwa taa mbili tatu na redio. Siku moja nilikuwa nimekaa pale sebuleni, sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki, miguu pekupeku, laptop inachaji. Nikapitisha kidole juu ya kava lake la chuma, nikahisi kama msasa laini unaotetemeka. Nikavaa ndala, mtetemo ukapotea. Nikavua, ukarudi.

"Hilo dude lako lina shoti, mwanangu," shangazi akasema.

Haikuwa shoti. Ndani ya chaja za namna hii na pawasaplai za kompyuta kuna vipasita vidogo vya kuchuja makelele ya umeme. Vimeunganishwa kutoka laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) hadi kwenye kava, na vinategemea kwamba waya wa ethi utapeleka ardhini kile kidogo kinachopenya. Ethi isipokuwepo, kava huelea katikati, kwenye takriban nusu ya volti 230 za kwetu. Volti 115 zinatisha kuzisikia, lakini mkondo wenyewe kwa laptop kwa kawaida haufiki miliampea moja. Unawasha ngozi tu, na unapita mwilini ukiwa pekupeku kwenye saruji yenye majimaji. Mpira wa ndala unauzuia.

Ila soketi za shangazi zina matundu matatu! Fundi alipofungua moja tulikuta waya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Nyuma ya tundu la juu, lile la ethi, hamna kitu. Tundu lile bila waya kazi yake ni moja: mguu mrefu wa plagi ukiingia, unafungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Ndiyo maana watu huchokoa pale kwa kalamu ili wachomeke plagi ya miguu miwili, tabia ambayo sijawahi kuipenda.

Hatari yenyewe iko kwenye friji, pasi ya chuma, mashine ya kufulia. Waya wa laivu ukichubuka ndani na kugusa bodi, bodi nzima inabeba volti 230 na friji inaendelea kugandisha kama kawaida. Usitegemee fyuzi ikuokoe. Fyuzi ya ampea 13 inalinda waya usiungue, wakati miliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuua.

Wapo mafundi wanaokwepa kazi kwa kuunganisha tundu la ethi na nyutro ndani ya soketi. Ukiona hivyo, mkatalie palepale. Nyutro ikikatika mahali, bodi za vifaa vyote vilivyochomekwa pale zinakuwa laivu, hata vile vizima kabisa. Kufunga ethi kwenye bomba la maji nako ni kumpelekea jirani shoti bombani. Na zile ekstensheni za kuzuia umeme mkubwa, bila ethi hufanya nusu ya kazi.

Vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba vina insulesheni maradufu, havihitaji ethi: chaja nyingi za simu, redio, feni za plastiki. Hivyo shangazi anatumia bila wasiwasi.

Kwa vilivyobaki tulianza na RCD kwenye meini swichi. Hii hupima umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata chini ya theluthi ya sekunde. Haihitaji ethi ili ifanye kazi, ila katika nyumba isiyo na ethi huenda ikasubiri mtu aguse ndipo ione uvujaji. Utashtuka, lakini umeme utakatwa. Kwa hiyo ethi tuliiweka pia: waya mpya wa kijani na njano hadi kila soketi, na fimbo ya shaba ardhini. Fimbo peke yake bila RCD isingetosha. Ikiwa na upinzani wa omu 50, bodi yenye hitilafu itapitisha ampea 4.6 tu, na sakitibreka ya ampea 32 haitashtuka hata kidogo.

RCD ina kitufe kidogo chenye herufi T cha kuijaribu. Shangazi hukibonyeza kila akimaliza kuingiza namba za Luku, nyumba inazima, watoto wanalalamika, anawasha tena.