Fundi hamaliziki darasani

Mimi ni mkufunzi wa uchomeleaji hapa Mombasa, na mara kwa mara huitwa kutathmini watu wanaotaka cheti. Juzi walikuwa wawili kwenye meza zinazopakana. Mmoja ni kijana wa Likoni, miaka sita yuko kibanda cha jua kali, yaani karakana ndogo isiyo rasmi, huko Changamwe akitengeneza mageti na bodi za malori. Chuo hajawahi kukanyaga. Wa pili ni mwanafunzi wa chuo, nadharia anayo kichwani yote.

Kwa mtu aliyezoea, uchomeleaji husikika kabla ya kuonekana. Mkono uliotulia, mlio wake ni wa samaki kwenye mafuta, haukatiki. Mkono wa kubahatisha hukohoa. Kijana wa Likoni alichomelea sahani ya wima, akagonga ganda linalofunika kiungo kwa nyundo mara moja, likabanduka lote. Mwanafunzi rodi ilimnasa mara tatu. Nikamuuliza atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, alifanya wapi. Kampuni kubwa tu, miezi mitatu, ila kazi yake ilikuwa kuchemsha chai na kupeleka makaratasi ghorofani. Kitabu chake cha atachimenti kimejaa sahihi.

Simlaumu. Tumewekeza sana upande mmoja. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ilipita 2013. Mwaka 2018 serikali ikaanza kumlipia kila mwanafunzi wa chuo cha umma shilingi 30,000 kwa mwaka, kati ya karo ya wakati huo ya 56,420, na karakana zetu zikafurika. Mtaala nao umegeuzwa: mwanafunzi apimwe kwa umilisi, yaani kwa anachoweza kutenda. Hilo naliunga mkono kabisa. Lakini umilisi unataka chuma cha kuharibu. Rodi, sahani, gesi na umeme, vyote ni pesa, na chuo kikibana matumizi, hapo ndipo kinapobana kwanza. Tena viko vitu ambavyo chuo hakitanunua kamwe. Kreni za kontena ziko bandarini Kilindini. Anayetaka kuzijua lazima afike huko.

Kwa hivyo nusu ya mafunzo iko mikononi mwa mwajiri. Na mwajiri tunamdai nini? Kisheria, tozo ya mafunzo ya viwandani ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mwenye wafanyakazi ishirini hutoa 12,000 kwa mwaka mzima. Hiyo hamsini hainunui hata kilo ya rodi. Utaratibu wa kurudishiwa gharama ukifundisha wafanyakazi wako upo, lakini wenye gereji ninaowajua wanaihesabu kuwa kodi tu, wanalipa na kusahau. Mimi ningeipandisha, kisha sehemu yake imfikie moja kwa moja fundi anayepokea wanagenzi, wa jua kali akiwemo. Najua waajiri hawatanipenda kwa hili.

Uchumi unaingia hapa. Mkandarasi wa matangi ya mafuta au bomba hakubaliwi kwa maneno. Lazima aonyeshe vyeti vya wachomeleaji wake. Akikosa wenye vyeti mjini, anawaleta kutoka kwingine, na mishahara inaondoka nao. Wakati huohuo Changamwe kuna mikono inayoiweza kazi hiyo ikipewa mazoezi kidogo, lakini haina karatasi.

(Karatasi nazo zina ulevi wake. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi wa kwanza 1951, ilikuwa ya ufundi. Ikawa politekniki 1972, na tangu 2013 ni chuo kikuu. Stashahada bado inatoa, lakini tazama ngazi inapanda kuelekea wapi.)

Mlango wa kumtambua aliyejifunzia kazini upo: majaribio ya gredi, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, na sasa sera ya kutambua ujuzi wa awali. Tatizo ni kwamba siku ya mtihani ni siku isiyo na kipato, na ada unaitoa mwenyewe.

Tulipomaliza, kijana wa Likoni aliniuliza, "Mwalimu, hii itanipitisha getini bandarini?" Nikamwambia itamfikisha getini, kupita ni mambo mengine. Mwanafunzi naye akauliza kama anaweza kwenda Changamwe Jumamosi kujifunza. Nikamwelekeza kwa kijana wa Likoni mwenyewe. Yule akamtazama miguuni, kwenye raba zake nyeupe.

"Njoo," akasema, "lakini utafute viatu vya ngozi."