Je, wajua? Meli iliyozamishwa Manza ilifikishaje mzigo wake vitani

Mtu akikuambia kuna meli ilizamishwa na nahodha wake mwenyewe, ikawashwa moto, ikapigwa mizinga na manowari ya adui, kisha aongeze kwamba mzigo wake ulifika, utamwona mzushi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Rubens, tarehe 14 Aprili 1915, katika Ghuba ya Manza, kaskazini kidogo ya Tanga.

Tuanze na shida iliyoifanya meli hiyo iletwe. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, koloni la Wajerumani Afrika Mashariki lilijikuta limefungiwa baharini na manowari za Waingereza. Askari wake wengi walibeba bunduki za modeli ya 1871, za baruti nyeusi. Ukifyatua tu, wingu la moshi linapanda juu ya kichaka na kumwonyesha adui ulipojificha. Ushindi wa Tanga mwezi Novemba uliwapatia Wajerumani risasi kama 600,000 zilizoachwa na Waingereza, wakashusha pumzi. Lakini Januari 1915 huko Jasin, mpakani na Kenya ya leo, mapigano ya siku mbili yalimeza risasi 200,000. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, akapiga hesabu: kwa matumizi ya namna hiyo angeweza kupigana mara tatu tu zaidi.

Hata hivyo, meli haikutumwa kwa ajili yake hasa. Ilitumwa kwa ajili ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Manowari ya zama zile bila makaa ya mawe ni chuma kitupu. Königsberg ilikuwa na meli yake ya kuihudumia, Somali, lakini Novemba Waingereza waliipiga mizinga mle mle deltani ikateketea.

Rubens yenyewe ilikuwa meli ya mizigo ya Kiingereza. Vita viliikuta Hamburg, Wajerumani wakaitwaa. Wakaipa jina la Kronborg na bendera ya Denmark, wakachagua mabaharia wanaosema Kidenmark, na juu ya sitaha wakarundika mbao ili ionekane chombo cha mfanyabiashara asiye na ugomvi na mtu. Chini ya mbao kulikuwa na zaidi ya tani 1,000 za makaa ya mawe, makombora ya mizinga ya Königsberg, bunduki zipatazo 1,800 za modeli mpya ya 1898, rashasha, na mamilioni ya risasi. Nahodha alikuwa Carl Christiansen. Waling'oa nanga Februari, wakazunguka Uskoti, wakashuka Atlantiki yote na kuikata Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya miezi miwili hivi, bila bandari hata moja ya kusema hapa ni kwetu.

Lakini Waingereza walikuwa wakinasa simu za upepo, na Christiansen alipokaribia pwani ya Tanga alikuta manowari Hyacinth inamngoja. Bahati ikamwangukia kwa namna ya ajabu: injini moja ya Hyacinth iliharibika katikati ya mbio. Rubens ikawahi kuingia Manza.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Christiansen alijua hawezi kupigana wala kutoroka. Akaamuru vali za chini zifunguliwe, maji yakaingia kwenye ngama, na meli ikakaa chini pale pale kwenye maji mafupi. Kisha mbao za sitahani zikawashwa moto. Ukitazama kutoka baharini, unaona meli inayoteketea kuanzia tezi hadi omo. Hyacinth iliongeza makombora yake, Waingereza wakaridhika kwamba kazi imekwisha, wakaondoka. Moto uliunguza mbao, ila haukuweza kushuka kule kulikojaa maji, na kule ndiko kulikokuwa na mali. Yaani maji yale yale yaliyoizamisha meli ndiyo yaliyoulinda mzigo wake.

Wapiga mbizi wakaanza kazi. Bunduki na mizinga zilitoka zikiwa nzima, ukizifuta na kuzipaka mafuta zimepona. Risasi ndizo zilizosumbua. Chumvi ilikuwa imeingia kwenye baruti na fataki, yaani kile kidude cha kitakoni kinachoiwasha baruti, na kila siku iliyopita zisizolia ziliongezeka. Hapakuwa na njia ila kuzifungua zote. Huko Moshi, kwa miezi kadhaa, askari na kila mtu aliyeweza kupatikana waliketi tangu asubuhi hadi jioni: chomoa kichwa cha risasi, mimina baruti, isafishe, badilisha fataki iliyoharibika, rudisha kichwa. Fikiria kuifanya kazi hiyo kwa mkono, risasi moja moja, ukiwa na milundo ya masanduku mgongoni. Zilizokuwa hazijaguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya rashasha peke yake. Zilizotengenezwa upya zikapangwa madaraja: zile ambazo moja katika tano hukataa kulia zilipelekwa vitani, na zilizo mbaya zaidi zikawa za mazoezi ya shabaha. Binafsi siwezi kumwonea wivu askari aliyeingia porini na risasi za daraja hilo la kwanza.

Königsberg haikuyapata makaa yake. Tarehe 11 Julai 1915 iliangamizwa Rufiji, lakini mizinga yake 10 iliopolewa na kuburutwa bara. Mmoja unaweza kuutazama Mombasa, nje ya Ngome ya Yesu.

Machi 1916 meli nyingine ya Kijerumani, Marie, iliingia Ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, na safari hii walioipakia walikuwa wamejua hali ya huku. Sudi hapana reli. Shehena ya Marie ilikuja imekwisha kufungwa vifurushi vya uzito wa kutosha kichwa cha mpagazi mmoja, na wapagazi wakaibeba kwa miguu kuelekea Reli ya Kati, huku Marie ikitoroka baadaye kwenda Batavia, Jakarta ya leo.