Je, filamu iliyotengenezwa upya inaweza kuifikia ya kwanza? Jibu langu linaishia msibani

Nafundisha uandishi wa skripti hapa Dodoma, katika chumba cha kupanga pale Makole, jioni tatu kwa wiki. Kabla ya hapo nilikaa miaka mingi nikihariri skripti za wenzangu, na nyingi zilikuwa hadithi zilizotoka nje: Nigeria, Korea, India, Marekani. Mtayarishaji anakuja na filamu kwenye flashi, anaiweka mezani, anasema, "Nataka hii, ila iwe ya kwetu." Kwa hiyo wanafunzi wanaponiuliza kama rimeki inaweza kweli kuifikia filamu iliyozaliwa ugenini, kwangu hilo si swali la kupiga soga. Ni kazi iliyonisomeshea watoto.

Inaweza. Ila mara nyingi haifiki, na ile sababu tunayoikimbilia, kwamba hatuna fedha wala vifaa, haina uzito tunaoupa.

Mwangalieni George Sluizer. Mwaka 1988 Mholanzi huyu alitoa Spoorloos, kisa cha kijana ambaye mpenzi wake anatoweka safarini, kwenye kituo cha mafuta. Miaka inapita, anamtafuta, hadi mtekaji anamjia mwenyewe na kumwambia: utajua yaliyompata, lakini kwa njia moja tu, upitie yale yale. Kijana anakubali. Wamarekani wakaipenda, wakamwita Sluizer huyo huyo aiongoze upya kwa Kiingereza, The Vanishing ya 1993, na Jeff Bridges na Kiefer Sutherland ndani yake. Mwongozaji yule yule, fedha zaidi, nyota wakubwa. Kisha mwisho ukabadilishwa: kijana anaokolewa. Filamu ikafa hapo. Kisa kizima kilisimama juu ya mtu aliye tayari kulipa chochote ili ajue tu, nao wakamrudishia malipo yake mlangoni.

Nimelelewa na bibi huko Mpwapwa, kwenye tembe. Mgeni akifika huona ukuta wa udongo na paa lililolala. Nguzo zilizomo ndani, zilizobeba udongo wote ule, hana habari nazo. Hadithi nayo ina nguzo zake, na mara nyingi ni desturi za watu wake: nani anaambiwa nini, nani anamwogopa nani, mtu akifa watu wanakaa vipi. Wenyewe hawazitaji kwa sababu wamezizoea. Anayeihamisha hadithi hawezi kuzibeba. Inabidi aingie porini kwake, akakate mti mwingine wenye uwezo wa kubeba uzito ule ule.

Mwalimu Nyerere alilijua hili vizuri. Tamthilia ya Shakespeare aliyoichapisha kwa Kiswahili mwaka 1969 inamhusu mfanyabiashara, lakini Mwalimu aliiita Mabepari wa Venisi. Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, kila msomaji alijua neno hilo lina uzito gani. Huo ulikuwa mti wa porini kwetu.

Sasa chukua Infernal Affairs ya Hong Kong, ya 2002. Askari amepenyezwa kwenye genge, jambazi amepenyezwa polisi, na kila mmoja anamtafuta mwenzake. Inafunguka kwa maneno ya Kibudha kuhusu jehanamu ya chini kabisa, ile ambayo mateso yake hayakatiki. Mwishoni jambazi anabaki hai, ndani ya sare, akipiga saluti kwenye kaburi la askari wa kweli. Kuishi ndiyo adhabu yake. Martin Scorsese alipoitengeneza upya mwaka 2006 kwa jina la The Departed, aliihamishia Boston kwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, akaongeza dakika 50, akaondoka na Oscar nne, ya filamu bora ikiwemo. Ni filamu kubwa, na mazungumzo yake nawapa wanafunzi wayasome kwa sauti. Lakini Boston hakuna jehanamu ile, kwa hiyo jambazi anapigwa risasi nyumbani kwake na watazamaji wanashusha pumzi. Mimi nilibaki nikiikumbuka saluti. (Nakala iliyopelekwa China bara nayo ilipewa mwisho mwingine, jambazi anakamatwa. Kila mahali mwisho unaguswa kwanza, na ndipo nguzo ilipo.)

Wapenzi wa filamu za Kihindi watanitajia Drishyam, na wana haki. Ile ya kwanza, ya Kimalayalam mwaka 2013, imerudiwa kwa Kikannada, Kitelugu, Kitamil, Kihindi, hadi Sri Lanka na China. Sishangai kwamba imesafiri vizuri. Shujaa wake ni mtu wa darasa la nne anayeendesha huduma ya televisheni ya kebo, na akili yote ya kuwazidi polisi ameipata kwa kutazama filamu. Mtu huyo yuko kila mji, hata hapa Majengo kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu.

Filamu ninayotaka kuikalia ni nyingine. Mwaka 1952 Akira Kurosawa alitoa Ikiru, maana yake "kuishi". Mkuu wa kitengo katika ofisi ya jiji la Tokyo, mzee Watanabe, amegonga mihuri karibu miaka 30 bila kufanya jambo lolote. Kina mama wanakuja kulalamika kuhusu dimbwi la maji machafu mtaani kwao, wanataka pajengwe uwanja wa watoto. Wanazungushwa dirisha hadi dirisha mpaka wanarudi pale pale walipoanzia. Kisha mzee anagundua kwamba ana saratani ya tumbo, na miezi iliyobaki anaitumia kuupigania uwanja ule.

Miaka 70 baadaye ikaja Living. Skripti iliandikwa na Kazuo Ishiguro, aliyezaliwa Nagasaki na kuhamia Uingereza akiwa na miaka mitano, na iliongozwa na Oliver Hermanus wa Afrika Kusini. Watanabe amekuwa Mr Williams, mtumishi wa halmashauri ya London mwaka 1953, na Bill Nighy anamwigiza kwa sauti ya chini kiasi kwamba inabidi umsogelee. Ishiguro hakuiiga aibu ya Kijapani. Alitafuta ya Kiingereza akaipata: watu wa kofia na miavuli wanaopanda treni moja kila asubuhi na hawasemezani. Wimbo ambao Watanabe anauimba kwenye bembea, theluji ikidondoka, haukutafsiriwa. Ulitafutwa mwingine, The Rowan Tree wa Kiskoti, nao unakata maini vile vile. Kwa kipimo changu Living ndiyo rimeki iliyokaribia kuliko zote nilizoziona.

Imebaki nyuma mahali pamoja. Kurosawa anamuua mzee wake zikiwa zimebaki karibu dakika 50, halafu anatuweka msibani. Wakubwa wanajigawia sifa za uwanja, wadogo wanaitikia. Kina mama wa mtaani wanaingia, wanachoma ubani, wanalia, na hakuna anayeweza kuwatazama usoni. Wakubwa wanaondoka. Pombe inaendelea kushuka, na wenzake wanaanza kukiri kidogo kidogo kile walichokijua tangu mwanzo. Hadi usiku wa manane wanaapa kwa machozi kwamba watakuwa kama yeye. Kesho yake ofisini, jalada la kwanza likija, wanalipitisha dirisha jingine. Ishiguro aliugawa msiba ule vipande vipande, kingine akakipeleka kwenye treni. Nadhani hakuwa na jinsi. Waingereza wake wanazika, wanakunywa chai, wanaondoka. Hawakai.

Sisi tunakaa.

Hapo ndipo nilipowapa vijana zoezi la mwaka huu: ihamishieni Ikiru Dodoma. Ni la darasani tu, hatutalirekodi. Haki za hadithi zina mwenyewe, na wakubwa wamewahi kulipa: Sergio Leone alipoigeuza Yojimbo ya Kurosawa huyo huyo kuwa A Fistful of Dollars mwaka 1964 bila ruhusa, alidaiwa, na Kurosawa akaishia kupewa asilimia 15 ya mapato. Lakini kama kuna mji barani ambao hadithi ile ungeweza kuipandisha basi la asubuhi na isiulizwe kitambulisho, ni huu. Ni mji uliochaguliwa mwaka 1973 uwe makao makuu, ambapo kila alfajiri mabasi ya watumishi yanaelekea Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na mtoto wa darasa la pili anajua masijala ni nini.

Rasimu ya kwanza ilinisikitisha. Walikuwa wamebadilisha majina. Watanabe akawa Mzee Chidawali, dimbwi likawa kisima. Nikawaambia kisima hapana. Maji yana wizara, yana bajeti, yana utepe wa kukatwa, na kila mkubwa angeyakimbilia tangu ukurasa wa kwanza. Uwanja wa watoto haumtishi mtu na haumpi mtu kura, ndiyo maana hausogei. Binti mmoja kutoka Nkuhungu akaleta kitu cha kweli: eneo la wazi ambalo kwenye ramani ya mtaa ni la watoto kucheza, na tayari watu wameanza kulipigia mahesabu ya viwanja. Kwa anayeujua mji huu na ardhi yake, sina haja ya kueleza zaidi.

Theluji ilitutoa jasho. Kijana mmoja alitaka mzee afe kwenye mvua ya kwanza ya Desemba. Picha nzuri, ila Mgogo aliyeingoja mvua miezi saba akimwona mtu amekufa ndani yake anaona baraka, na hadithi inageuka. Tukachagua usiku wa Julai, ule upepo wa baridi unaopuliza vumbi hadi kwenye meno, bembea ya mnyororo ikilia. Wimbo ukawa wa kubembeleza mtoto, wa Kigogo, ambao bibi wa mwanafunzi mmoja bado anauimba.

Jambo lililonigusa zaidi ni la daktari. Kwa Kurosawa, mgonjwa mwingine aliye kwenye foleni anamtonya Watanabe: wakikwambia ni kidonda kidogo tu cha tumbo na kwamba ule upendacho, ujue ni saratani. Anaingia ndani, na daktari anamwambia hayo hayo. Ndivyo ilivyokuwa Japani, mgonjwa haambiwi. Ishiguro aliibadilisha, daktari wa London anamwambia Williams ana kwa ana. Vijana wangu walifuata London kwa kuwa waliona ndiyo ya kisasa.

Nikawasimulia jambo ambalo sikuwahi kulisema darasani. Miaka sita iliyopita nilimpeleka mama hospitali. Majibu yalipotoka hakuitwa yeye, niliitwa mimi kando, nikaulizwa kama mimi ndiye mkubwa. Nikasimama koridoni na ile karatasi. Nilipotoka nikamkuta mama kwenye benchi amekunja kanga magotini, akaniuliza, "Wamesemaje?" Nikasema ni vidonda vya tumbo, mama. Akaitikia, "Haya." Alikuwa ananitazama, na mpaka leo naamini alijua kabla sijafungua mdomo.

Darasa lilikaa kimya. Kisha wakaifuta London. Katika skripti yao sasa anayejua kwanza ni mtoto wa mzee, na mzee anaupata ukweli kwa kuiona namna mtoto alivyoanza kumwita "baba" kwa upole ambao hakuwa nao. Tukio hilo halimo kwa Kurosawa wala kwa Ishiguro, na sioni aibu kuliweka karibu nao. Hiyo ndiyo nguzo iliyokatwa nyumbani.

Msiba nao walidhani wanaujua. Turubai, viti vya plastiki, wanaume huku, kina mama jikoni, daftari la rambirambi, mshereheshaji. Halafu msomaji anasimama na wasifu wa marehemu, na ndani yake wakaujaza uwanja wa watoto, kwa sifa tele. Siku ya kuisoma skripti kwa sauti nilimwalika jirani yangu, mtumishi mstaafu. Vijana wakamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa pembeni na kusikiliza hadi mwisho bila neno.

"Wanangu," akasema, "kwanza, jalada halipotei. Mmeandika limepotea. Jalada linalala. Likipotea mtu anaulizwa, likilala haulizwi mtu." Wakaandika. "Pili, huo uwanja mnautoa wapi kwenye wasifu? Wasifu una kuzaliwa, shule, tarehe ya ajira, vyeo, tarehe ya kuugua, watoto na wajukuu. Uwanja aliupigania nje ya kazi yake. Nani ataandika?"

Wakaufuta. Rasimu ya sasa wasifu unasomwa wote, umekamilika, hauna kosa, na uwanja haumo. Mkubwa wa ofisi anatoa salamu za rambirambi, anautaja kama mradi wa idara. Ndipo kina mama sita wa mtaani wanaposimama ukingoni mwa turubai na kanga zao, vumbi miguuni, wawili wamebeba watoto mgongoni. Hawako kwenye ratiba. Shangazi wa marehemu anawafuata, kama inavyopasa, awajue ili awapangie mahali pa kukaa.

"Karibuni, poleni. Ninyi ni wa upande gani?"

Wanatazamana. Mmoja anajibu, "Sisi ni wa uwanjani."